Jina Kwenye Shina la Upanga

Osafune, 4 Februari 1987

Dada Sayo,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya mashauriano marefu na familia, natangaza kwamba nimeshindwa katika uchaguzi wa katibu wa kamati ya kuzibua mtaro wa mtaa wetu. Kura zilikuwa kumi na tisa. Nilipata mbili. Moja niliipiga mwenyewe, na mke wangu Fusae anaapa kwamba ile ya pili si yake. Sijui taifa litaendeleaje. Mtaro umeziba vilevile.

Baada ya tangazo hilo, tuje kwenye mambo madogo. Upanga wa baba yako, Mzee Isaburo, umefika salama. Niliufungua mbele ya Fusae ili awe shahidi kwamba sikuudondosha, maana nakumbuka ulivyotuchapa kwa ufagio mimi na rafiki yangu, marehemu mdogo wako Kenkichi, kwa kosa dogo kuliko hilo. Nina miaka hamsini na tatu, nina mvi na kitambi, na bado nikiona mwandiko wako najikuta nimekaa wima.

Bapa lina madoa ya kutu, lakini chini yake chuma kimelala vizuri sana, kama maji ya kisima. Nitaunoa kwa mawe yangu kwa wiki sita hivi, na utapendeza. Shida iko kwenye shina. Wewe ulifundisha hesabu maisha yako yote, kwa hiyo niache nijidai kidogo: shina ni ile sehemu inayojificha ndani ya mpini, na hapo ndipo mhunzi huchonga jina lake. Kutu ya shina hatuisafishi kamwe, kwa sababu ndiyo umri wa upanga. Hapa pamechongwa Terukage. Huyo ni mhunzi wa huko kwetu Izumo, na mkono wake naujua: ulikuwa mzito, wenye kujiamini. Jina hili limeandikwa kwa mkono unaotetemeka, kama mtoto wa darasa la kwanza mwenye homa. Walioghushi majina zamani walikuwa wengi kuliko wahunzi wenyewe, Dada.

Usimwambie Mzee bado. Nimechukua chapa ya jina hilo kwa karatasi na wino, kama desturi. Upanga ukiwa tayari nitaupeleka kwa jopo la wakaguzi Tokyo. Na nakuahidi kitu kimoja: shina sitaligusa bila neno lako.

Mdogo wako asiyechaguliwa,
Kajitani Shigeo


Yokota, 11 Februari 1987

Mdogo wangu Shigeo,

Pole kwa msiba wa kisiasa. Ningekuwepo ningekupa kura ya tatu, kisha ningedai zihesabiwe upya.

Kwanza, tafadhali usipige simu. Simu yetu iko kwenye ujia, hatua tatu kutoka kwenye tandiko la Baba, na tangu macho yake yazimike masikio yamekuwa ya popo. Andika. Barua nasoma mimi, na nachagua cha kumsomea. Ya leo nimemsomea mpaka penye kisima nikaishia hapo. Akasema, “Huyo mtoto anajua chuma. Muulize kama bado anakojoa kitandani.” Nimeuliza.

Pili, nataka ujue unashika nini mikononi. Mwaka arobaini na sita, baada ya kushindwa vita, amri ya Wamarekani ilipotoka kwamba kila nyumba ipeleke panga zake kituo cha polisi, sisi tulikuwa na mbili: huu, na ule mrefu wa Baba Mkubwa Yasuji. Baba Mkubwa alikuwa hajarudi kutoka vitani. Ofisa akamwambia Baba kwamba anaweza kuuombea kibali mmoja tu. Baba akauchagua huu. Ule mwingine nilimsindikiza kuupeleka, nikiwa na miaka kumi na saba. Aliuweka juu ya lundo, mtu mmoja akaukanyaga akipita.

Baba Mkubwa alirudi msimu wa mavuno. Akauliza kwa nini. Baba akajibu, “Kwa sababu huu ni Terukage wa kweli.” Baba Mkubwa akasema, “Tutaona.” Hawakusemezana tena. Miaka thelathini na moja, nyumba mbili zinatazamana juu ya jaruba moja la mpunga, mpaka Baba Mkubwa akafa. Mwanawe Morio akikutana nami njiani husalimia gurudumu la baiskeli yangu.

Baba ana miaka themanini na minane. Hataki cheti ili auze. Anataka kujua kabla hajafa kama alichagua sawasawa.

Sayo


Osafune, 18 Aprili 1987

Dada Sayo,

Nimeanza barua hii mara nne. Fusae anasema niache kupoteza karatasi, niandike kama mwanaume. Sijui mwanaume huandikaje.

Jopo limeurudisha upanga. Wamesema chuma ni kizuri, kazi ni nzuri, jina ni la uongo. Hawatoi cheti.

Sikushangaa. Mwezi uliopita niliupeleka kwenye kikao chetu cha kukisia. Tunafunga shina kwa kitambaa, kila mtu anatazama bapa peke yake, kisha anaandika kwenye kikaratasi jina la mhunzi anayemdhania. Wazee wanne kati ya sita waliandika Terukage. Nikafungua kitambaa, nikawaonyesha yale maandishi ya homa. Walicheka, nami nikacheka nao, nikawatania kwamba miwani yao ibadilishwe. Mzee Hamaguchi peke yake hakucheka. Alisema, “Bapa halidanganyi, Kajitani.” Lakini huyo ana miaka themanini na moja na husinzia vikaoni.

Sasa sikiliza, kuna njia. Upanga mzuri wenye jina la uongo hukataliwa kwa sababu ya jina tu. Desturi yetu ni kulifuta. Jina likishatoka, upanga unarudi mbele ya jopo kama usio na jina, nao wanaandika kwenye cheti kwamba ni kazi ya wanafunzi wa Terukage, au pengine ya Terukage mwenyewe. Wanoaji tunafanya hivyo kila mwaka. Mzee atapata karatasi yenye jina analolitaka, imepigwa muhuri, ya kumwonyesha Morio. Ni dawa chungu, lakini inaponya.

Jopo linakaa tena Juni. Nahitaji neno lako kabla ya tarehe kumi Mei.

Shigeo


Yokota, 25 Aprili 1987

Shigeo,

Usilifute.

Nimemwambia Baba kwamba jopo limechelewa. Amenijibu, “Wanachelewa wanaoogopa.” Kisha hakula. Amepungua, nikimgeuza kitandani ni kama nageuza mwavuli.

Sikiliza. Nilikwenda hekaluni kumwomba mtawa amwombee, nikajikuta namweleza yote, hata kicheko chenu. Akaniambia kwamba kwenye kasha la nadhiri kuna kisu ambacho Terukage mwenyewe alikitoa kwa hekalu alipokuwa mzee. Mtawa hajawahi kukitoa alani. Kasha hufunguliwa siku ya tamasha tu, tarehe tano Mei. Nitakuwa pale na karatasi na wino, kama ulivyonifundisha kwenye barua ya kwanza bila kujua kwamba unanifundisha.

Pengine sitapata kitu. Lakini ningoje. Siku kumi ni nini kwa kitu kilichokaa miaka mia na thelathini?

Dada yako


Osafune, 2 Mei 1987

Dada Sayo,

Barua yako imefika leo. Nimeelewa.

Upanga uko kabatini, umefungwa vizuri. Huku joto limeanza mapema, na Fusae ameanika magodoro yote kwa siku moja, nyumba inaonekana kama inahama.

Visu vya hekaluni mara nyingi huwa na maandishi yaliyoliwa na kutu. Usitegemee sana. Nasema kwa faida yako.

Shigeo


Yokota, 7 Mei 1987

Shigeo, mdogo wangu, kaa chini kwanza.

Kisu kipo. Ni kifupi kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo. Mtawa alikitoa kwenye ala yake, tukang'oa kijiti cha mpini, na pale kwenye shina pakaonekana Terukage. Ni jina lilelile, Shigeo. Homa ileile, mkia uleule unaoanguka kushoto mwishoni. Na upande wa pili kuna mstari mzima. Mtawa alinisomea mara tatu kwa sababu nilimwomba. Unasema: “Katika mwaka wangu wa sabini na mbili, mkono wa kulia ukiwa umekufa, nimechonga kwa wa kushoto.”

Alipooza. Mkono mzito unaoujua wewe ulikuwa wa ujana wake. Huu wetu ni wa uzeeni. Ni wa kweli. Nimeweka chapa ndani ya bahasha hii, uiweke kando ya ile yako uone mwenyewe.

Nilikimbia barabarani kama msichana. Nilipita mbele ya nyumba ya Morio nikaisalimia nyumba nzima. Nikamwambia Baba. Akasema, “Basi Yasuji angeona.” Halafu akaomba uji, akaumaliza, akalalamika hauna chumvi.

Sasa anataka upanga urudi nyumbani kwanza, ndipo uende tena kwa jopo. Kuna jambo sikuwahi kukuambia, kwa sababu ni la ndani ya nyumba hii. Kila mwaka mpya Baba anang'oa kijiti, anavua mpini, anapitisha kidole gumba juu ya lile jina. Alifanya hivyo hata alipokuwa na macho. Siku hizi ndivyo anavyosoma. Anasema kidole chake kinalijua kuliko kinavyojua uso wangu. Anataka kulisoma sasa, akijua.

Leta mwenyewe. Nitakupikia tambi za ngano nyeusi, na ufagio nitauficha.

Sayo


Osafune, 16 Mei 1987

Dada Sayo,

Chapa nimeiona. Nimeiweka na yangu kando kwa kando.

Una haki ya kufurahi. Mpe Mzee salamu zangu.

Kuja wiki hii sitaweza. Mgongo umenishika, nainama kama herufi. Tena kuna kazi za watu. Pengine ingekuwa vizuri Mzee apumzike kwanza, furaha kubwa nayo huchosha. Labda mwezi ujao, au baada ya mvua.

Shigeo


Yokota, 24 Mei 1987

Shigeo,

Daktari amesema ni suala la wiki, na wiki zenyewe hakuzitaja kwa wingi. Mgongo wako nauhurumia. Lakini Baba analala na kidole gumba nje ya shuka.

Njoo Jumapili ya tarehe saba, au nitapanda treni nije kuuchukua mwenyewe.

Sayo


Osafune, 29 Mei 1987

Dada Sayo,

Nakuja tarehe saba. Usije wewe.

Shigeo


Yokota, 27 Juni 1987

Mdogo wangu,

Utakuwa umepata habari kupitia Fusae. Baba alifariki tarehe kumi na tisa, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Nilikutafuta kwa macho mazishini. Fusae aliniambia ni mgongo. Pole. Sina kinyongo, maana ulikwisha kufanya la muhimu kuliko kufukiza ubani.

Nataka nikushukuru kwa maandishi, nikiwa na akili iliyotulia. Ile Jumapili uliyokuja ilimpa Baba siku kumi na mbili. Sikumsikia akiugua. Alikuwa akinyamaza sana, lakini uso ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo. Siku ya mwisho alinishika mkono akasema mambo mawili. La kwanza, “Shigeo usimchape tena.” La pili, “Upanga usiupeleke kwa jopo lolote. Uache.”

La kwanza nitalitii. La pili nimelifikiria, na nadhani ni unyenyekevu wa mzee aliyekwisha pata alichotaka. Mimi bado sijapata. Miaka arobaini na moja nimepita mbele ya ile nyumba nikitazama chini. Nimewaalika Morio na dada zake waje siku ya arobaini na tisa ya kumkumbuka Baba, tarehe sita Agosti, nao wamekubali. Wamekubali, Shigeo. Nitauweka upanga mbele yao, mpini umevuliwa, na chapa ya hekaluni kando yake. Wenyewe watasoma. Kisha utanisaidia kuupeleka Tokyo.

Uje, ukae upande wangu.

Dada yako,
Sayo


Osafune, 2 Julai 1987

Dada Sayo,

Usiwaonyeshe. Soma hii yote ndipo uamue la kufanya nami.

Barua yako iliyosema “usilifute” ilifika tarehe ishirini na nane Aprili, Jumanne, kabla ya chakula cha mchana. Nilikuandikia kwamba ilifika tarehe mbili Mei. Nilidanganya. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaiweka kwenye droo ya mawe ya kunolea, nikala wali na samaki, na mchana huohuo nikalifuta jina.

Nimejiuliza kwa nini kila siku tangu hapo, na jibu halipendezi. Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu sita kwamba ni la uongo. Nilicheka kabla hawajacheka wao. Kwenye barua nilikuandikia kinyume. Jopo likanipa haki, nikajiona bingwa. Halafu dada mwenye ufagio na mtawa wa kijijini wananiambia ningoje kisu cha kwenye kasha. Niliona kwamba nikingoja mtanisumbua kwa matumaini yasiyo na msingi, na kwamba nikimaliza kazi mtanishukuru mkishika cheti. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba sikutaka kusahihishwa. Niliweka shina kwenye ubao, nikachukua tupa, ikanichukua dakika ishirini. Nilisikia mzaha redioni nikacheka.

Chapa yako ilipofika niliiweka kando ya yangu ya Februari. Sikuhitaji miwani. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa mtaro mpaka Fusae akaja kuniuliza kama nimeangusha kitu.

Nilitaka kukuambia. Niliandika “Chapa nimeiona” na sentensi iliyofuata ikakataa kutoka. Kisha ukaniandikia habari ya kidole gumba nje ya shuka.

Kwa hiyo nilifanya la pili. Nilibandika nakala ya chapa ya Februari juu ya shina, nikachukua patasi, nikalichonga jina upya. Nilitumia mkono wa kushoto ili litetemeke. Siku tano nilililisha kutu, kwa njia ambazo wenzangu tunazijua na hatuzitaji. Kwa macho lilifanana. Nilijiambia kwamba mzee asiye na macho, aliyebakiza siku chache, haibiwi kitu akipewa kidogo cha kumfurahisha.

Siku ile tuliingia, ukamketisha, ukanisifu mbele yake mpaka nikatamani ule ufagio. Ukaenda jikoni kukata tikiti. Nilivua mpini nikaweka shina kwenye kiganja chake. Alipitisha kidole gumba mara moja, polepole, kutoka juu kwenda chini. Akarudia. Mara ya tatu alisimama katikati.

“Shigeo,” akasema, kwa sauti ya chini, ili usisikie. “Huyu si yeye. Huyu alikuwa na haraka.”

Nilitazama mlango wa jikoni. Akauliza:

“Nani?”

“Mimi, Mzee.”

“Lile lingine liko wapi?”

“Nimelifuta. Nilidhani la uongo.”

Alikaa na upanga magotini. Jikoni kisu chako kilikuwa kinagonga ubao. Nilidhani ataniita jina fulani na nilikuwa tayari kwa jina lolote. Akauliza jambo moja tu.

“Lilikuwa la kweli?”

“La kweli kabisa. Nimeona chapa zote mbili.”

“Una uhakika, au unanibembeleza?”

“Nina uhakika. Naapa kwa Kenkichi.”

Akapumua. Sijawahi kusikia pumzi ndefu namna ile. Akasema, “Basi nilichagua sawasawa,” kisha, “na hakuna atakayejua.” Akanirudishia shina kama mtu anavyorudisha bakuli tupu. Akaniambia, “Sayo asijue nikiwa hai. Ana furaha. Nikifa, mwambie wewe mwenyewe, usimtumie mtu.” Ndipo ukaingia na sahani, ukamuuliza, “Ni lenyewe, Baba?” naye akageuza uso kuelekea sauti yako akasema, “Ni lenyewe.” Ulilia. Mimi nilikula vipande viwili vya tikiti, kwa sababu ulikuwa umenikatia.

Kule kulegea kwa uso ulikokuona si furaha, Dada. Alikuwa ameacha kungoja. Na sikuja mazishini kwa sababu mgongo wangu ni mzima.

Sasa ilivyo ni hivi. Jina lililo kwenye shina ni la kwangu. Jopo litalitambua kwa lenzi, na Morio akimleta mtu yeyote anayejua chuma, atalitambua pia, na watasema ndivyo baba yao alivyoshuku tangu mwanzo. La Terukage halirudi. Niliondoa chuma chenyewe, na hakuna fundi anayeweza kurudisha chuma kilichokuwa vumbi mezani kwangu nikalifagia. Ndani ya bahasha nimeweka chapa ya Februari. Ndiyo pekee iliyobaki ya jina la kweli, na hakuna jopo linalokubali karatasi badala ya chuma. Nimewaambia wazee wa kikao. Hamaguchi alisikiliza mpaka mwisho. Alivaa viatu akaondoka.

Tarehe sita Agosti nitakuja. Nitamwambia Morio mbele yako nilichofanya, kwa maneno haya haya. Ataamini au hataamini. Nadhani hataamini, mimi mwenyewe ningesema umeninunua. Kama hutaki nikanyage kwenu, niandikie neno moja, nitabaki huku.

Sikuombi msamaha, maana najua ungenipa kwa ajili ya maneno ya Mzee, na hapo ningekuwa nimekuibia mara ya tatu. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Ile Jumapili ulinisindikiza hadi kituoni. Basi lilipoondoka uliinama kunishukuru, ukabaki umeinama mpaka likakata kona. Nami niliinama kwenye kiti changu, mbele ya abiria wote, na sikujua niinuke saa ngapi.

Kajitani Shigeo